Kile cha Kijivu

— Hadithi, hadithi!
— Ije, tumekaa!
— Ya baridi au ya moto?
— Ya moto, ituchome!

Juu mlimani, kwenye msitu usiokaukiwa na ukungu, aliishi Bi Kidakanzi, ndege mdogo kama ngumi ya mtoto, kijivu mgongoni, kijivu kifuani. Kipanga alimlia makinda mawili. Likabaki moja.

Mama huyo alipokwenda kulalamika, Kipanga alijikuna shingo tu.

"Kwani wewe nani? Chiriku?"

"Siyo!"

"Shorewanda?"

"Siyo!"

"Aa! Hivi vya kijivu vyote ni kimoja. Hicho kilichobaki nitakijia kesho."

Bi Kidakanzi akatetemeka kwa hasira. Ee Mola! Mtu akulie wanao, na jina lako asilijue? Hata mchinja kuku hutaja kwanza jina la Mungu!

Akajikaza, akasema, "Bwana, manyoya yangu ukungu huyafuta. Nitambue kwa ninavyokula. Natulia tawini. Fyuu! Naruka. Tap! Nzi. Fyuu! Narudi tawi lile lile, siku zote."

"Lile lile?" Kipanga akameza mate. Mama na mwana, mlo mmoja! "Lipi?"

"Lile kavu, juu ya kijito."

Sasa, tawi hilo Shekiondo, mtega ndege, alikuwa amelipaka ulimbo alfajiri, maana naye alishazijua nyendo za kidege yule. Bi Kidakanzi alimwona. Hakusema.

Kipanga akaenda kumvizia pale pale. Akatua: ndi! Akainua mguu: ndi! Akapiga bawa: ndi!

"We kile cha kijivu! Nitoe!"

"Unamwita nani, bwana? Niite kwa jina, nije."

"Chiriku!" Kimya.

"Shorewanda!" Kimya.

"Chozi! Tetere! We... we nanihii!" Kimya.

Shekiondo akaja akipapasa ukunguni, akambandua, akamsukumiza kwenye tenga.

"Alhamdulillahi, kwale!"

"Kwale nani? Mimi Kipanga, mkubwa wa mlima huu!"

"Tulia wewe. Vya kahawia vyote ni kimoja. Mchuzini havina jina."

Jioni, kinda lake likiwa chini ya bawa, Bi Kidakanzi akatubu: "Mola wangu, ulimbo niliuona nikanyamaza. Nimekosa, nisamehe." Akalivuta kinda karibu zaidi. "Lakini alinilia wanangu wawili."

Ngano nimeitua, aliyeisikia aibebe. Na funzo lake, watoto, ni hili: msiwasumbue wakubwa kwa majina yenu. Wana shughuli nyingi, na matenga bado yapo.