Jamvi la Kokwijuka

"Jamvi la shamba, sifa yake kuoza." Mmemsikia babu yenu akisema hivyo asubuhi alipokabidhi uenyekiti wa ukoo, nanyi mkacheka mkidhani anajitukana. Methali hii ilianza hivi, wala haina kicheko.

Katika vilima vya Ruhanga, mkungu ukishakatwa, mgomba haukutupwa. Wanawake waliuchambua, wakautwanga, wakauchemsha kwa majivu, kisha wakauanika juu ya mwamba mpaka ukawa jamvi jembamba. Mbegu zikishafukiwa, jamvi lilitandazwa juu yake. Lilizuia magugu na kutunza unyevu. Mvua ikililainisha, miche ililitoboa yenyewe. Kufikia mavuno lilikuwa limeshageuka udongo.

Kokwijuka, mjane kijana, alitwanga laini kuliko wote. Wapita njia walisimama kando ya shamba lake wakatazama. Lakini sifa zile zilidumu wiki chache tu, kisha mchwa wakala kila kitu. Jambo hilo lilimuuma, tena lilimuuma kweli. Basi mwaka mmoja, akichemsha, alichanganya na utomvu wa mfenesi. Jamvi likatoka gumu, linang'aa, wenzake wakabaki vinywa wazi. Hakumwambia mtu siri yake.

Mwaka huo ndio walikuwa wametoka kwenye ukame. Nyumbani palibaki kibuyu kimoja cha mbegu za maharage, ambacho mama mkwe wake, Nyakato, alikificha hata siku walizolala njaa. Zote zikaingia ardhini, chini ya jamvi lile.

Mvua ikanyesha. Mashamba ya majirani yakachipua. La Kokwijuka likabaki kung'aa.

"Lifunue tuone," Nyakato alisema siku ya nane.

"Nikilifunua litachanika, mama. Tungoje kidogo."

"Mwanangu, unalinda maharage au unalinda jamvi?"

Kokwijuka aliinama akapangusa majani juu ya jamvi. Jibu alilijua, ila aliona aibu kulitamka.

Siku ya kumi na mbili Nyakato alichukua kisu, akalikata mwenyewe. Udongo ulikuwa mkavu. Maji yote yalikuwa yameteleza juu ya jamvi hadi bondeni. Miche ilikuwa imeota kwa unyevu wa siku ya kupanda, myeupe, imejikunja ikitafuta pa kutokea, imekufa.

"Ndizo mbegu zilizokuwepo," Nyakato alisema. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Majirani walisaidia, lakini nao walikuwa na watoto wa kulisha. Kila jioni Nyakato alisukuma sahani yake kwa mjukuu wake, Kemilembe, akisema, "Mimi nimeshiba." Kabla maharage ya majirani hayajakomaa, Nyakato alifariki.

Msibani mikeka haikutosha. Mtu akaenda shambani, akaleta kipande cha lile jamvi, akalitandika uani, waombolezaji wakalikalia. Mzee mmoja aliyetoka mbali akalipapasa.

"Kazi nzuri hii," alisema. "Mvua yote ile, na bado zima! Nani kalitengeneza?"

Kokwijuka alikuwa amesubiri miaka mingi asikie maneno hayo. Alilia hadi wakamshika mabega. Alipopata sauti alimjibu yule mgeni, na jibu lake ndilo babu yenu alilolisema leo, akiwa amesimama kumpisha kijana kitini:

"Jamvi la shamba, sifa yake kuoza."