Wimbo wa Dara Umkabidhi Nani?

Tulieni kidogo, na nyie wa nyuma pia, maana hukumu ya leo ni yenu. Mimi imenishinda.

Katika kijiji kimoja cha Ayalandi walikuwapo watu watatu. Una alikuwa na masikio: neno akilisikia mara moja, halimtoki. Malaki alikuwa na ulimi, akifungua kinywa unatoka ubeti. Finbar, mpiga fidla, alikuwa na vidole, na ubishi wa kugawia kijiji kizima.

Wakati wa vita na Waingereza, Dara, mwana pekee wa mjane Nora, alipigwa risasi darajani.

Una alikuwa amejificha mtaroni, akamsikia akisema, "Mama, nina baridi." Askari walimkamata, wakamhoji siku tatu. Hakuwaambia kitu. Maneno yale alimletea mama mtu kama yalivyosemwa.

Malaki aliyachukua, akayatungia beti saba. Kwa beti hizo alifungwa miezi minane, akatoka anakohoa damu.

Finbar ndiye aliyezitia sauti. Askari walimvunjia fidla, wakamvunja na vidole viwili, lakini watu walikuwa wameshaushika wimbo.

Sasa, kijiji kile kina mila yake. Wimbo wa aliyeuawa hukabidhiwa na mama yake kwa mtu mmoja tu, siku marehemu anapotimiza mwaka kaburini, na huyo ndiye atakayeuimba. Usipokabidhiwa siku hiyo, hauimbwi tena.

Siku ikafika, nyumba ikajaa.

"Mama Dara, bila mimi kungeimbwa nini?" Una akauliza.

"Na bila mimi yangebaki maneno matatu tu," akasema Malaki.

Finbar akauweka mkono wake mezani.

Nora aliwapenda wote watatu. Siku nyingine aliwachukia wote, kwa kuwa wao walikuwa hai. Kila wimbo ulipofika penye neno "baridi", aliinuka kutafuta blanketi, kisha akakumbuka. Hakutaka kuusikia tena maishani. Lakini ukinyamaza, yeye akishakufa nani atamtaja Dara?

"Nisaidieni basi, jamani," akawaambia waliokuja. Wote wakaangalia viatu vyao.

Je, wewe ungeamua vipi? Ungemkabidhi Una, Malaki au Finbar? Au ungemwacha mama apumzike, na mtoto wake asahauliwe?