Jina Moja Kwenye Chupa

Sogeeni hapa, wakubwa kwa wadogo, na mwenye hasira zake aje nazo. Hadithi ya leo si ya kumbembelezea mtoto alale. Nimewaletea watu watatu, kazi moja na nafasi moja, na tangu niisikie mimi mwenyewe sijapoa.

Palikuwa na watu watatu mjini Singida, katika kiwanda cha mafuta ya alizeti cha Bwana Msengi. Mwantumu Mughwai alijaliwa sikio. Yustina Ntandu alijaliwa jicho. Mzee Elieza Kingu alijaliwa subira. Tuanze na mwenye sikio, maana yeye alifika pale na kinyongo chake.

Mwantumu alipiga muziki klabu miaka minane. Hakuwa akitazama nyuso za wachezaji, alitazama viatu vyao. Miguu ikianza kuburuta kidogo tu, alijua wimbo umebakiza nusu dakika uchoshe, akaubadilisha kabla mchezaji mwenyewe hajajua kuwa amechoka. Ukumbi ulikuwa unajaa pomoni. Lakini bango la mlangoni liliandikwa DJ Kombora, na huyo Kombora alikuwa binamu wa mwenye klabu. Kazi yake ilikuwa kuvaa hedifoni shingoni na kupunga mikono jukwaani.

"Watu hawatoki majumbani kwao kuja kumtazama mwanamke anabonyeza vitufe," mwenye klabu alimwambia. "Wewe piga, yeye aonekane."

Miaka minane! Siku redio ya mkoa ilipomtangaza Kombora kuwa DJ bora wa mwaka, Mwantumu alikuwa sebuleni kwa mama yake, anasikia mixi, yaani nyimbo alizoziunganisha kwa mikono yake, ikisifiwa kwa jina la mwanamume asiyejua hata kuunganisha nyaya. Alizima redio, akaenda kurudisha funguo za klabu, na hakumuaga mtu.

Alichobaki nacho ni simu. Simu hiyohiyo ndiyo aliyokuwa akiujazia ukumbi, kwa vipande vya muziki na matangazo ya kila wiki, kazi ambayo nayo hakuna aliyemshukuru. Akaanza kuwatangazia wengine biashara zao mtandaoni. Alianza na saluni, likafuata duka la magodoro, kisha akaitwa na Bwana Msengi. Akaenda na sharti moja.

"Nitakachofanya hapa kiwe na jina langu."

"Bila shaka, mama, bila shaka," akajibu Bwana Msengi. Wakubwa husema hivyo wakiwa na shida.

Na shida ilikuwepo. Video ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu ikidai mafuta ya Msengi yamechanganywa na uchafu. Maduka yakarudisha chupa, matangi yakajaa, wakulima wakaambiwa wasilete mbegu. Wafanyakazi arobaini wakapewa mwezi mmoja: mafuta yasipotoka, geti linafungwa.

Mwantumu akaingia kwenye chumba cha kukamulia, akafumba macho, akasikiliza. Akarekodi mashine inavyogonga. Akarekodi kitunguu kikitumbukia kwenye mafuta ya moto. Akavichanganya vikawa mdundo wa sekunde ishirini, akauachia mtandaoni saa kumi na moja jioni, wakati kina mama wamewasha majiko na simu ziko karibu na sufuria. Haikupita wiki, watu wa Tanga na Mbeya wakawa wanaucheza jikoni kwao. Waliokuwa wakipita bila kutazama wakasimama.

Lakini kusimama si kuamini. Hapo akaingia Yustina, fundi wa mashine, msichana asiyeongea sana, anayepiga picha kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Akazifuata mbegu kutoka gunia la mkulima hadi kifuniko cha chupa bila kukata video hata mara moja, ili asitokee mtu wa kusema kuna kilichofichwa. Katikati ya njia kulikuwa na bomba la moto, na nafasi ya kupita ilikuwa finyu. Mkono ukaungua kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja. Simu hakuiangusha. Watu wakaona kwa macho yao kwamba uchafu hauna pa kuingilia.

Hata hivyo mtu aliyekwisha kutishwa haachi kuogopa kwa kuoneshwa video. Walikuwa bado wanauliza, na wengi walikuwa wanatukana. Mzee Elieza, mlinzi wa getini, akapewa simu ya kiwanda kwa sababu ndiye pekee pale ambaye hajawahi kugombana na mtu. Akamjibu kila mmoja, wiki tatu mfululizo. Mama mmoja wa Shinyanga aliapa kwamba mafuta hayo yamemuumiza mtoto wake tumbo. Wengine wangeyafuta maneno yake. Mzee Elieza akampigia.

"Pole sana, mama. Niambie ilikuwaje, sina haraka."

Akamsikiliza saa nzima, kisha akamwomba akague kifuniko cha chupa. Kilikuwa kimebandikwa kwa gundi! Kumbe kuna mtu alikuwa anaokota chupa kuukuu za Msengi na kuzijaza mafuta machafu. Mama yule, aliyekuwa mlalamikaji, akajirekodi mwenyewe akiionesha chupa ile kwa nchi nzima. Uvumi ukaishia hapo.

Maduka yakaagiza upya. Magunia yakaanza kushushwa tena. Wale arobaini wakabaki kazini.

Bwana Msengi akawaita watatu hao ofisini, uso umemng'aa. Akasema chupa mpya zitaandikwa jina la aliyekiokoa kiwanda, zitakwenda nalo kila duka, kila jiko. Halafu akaongeza, "Ila jina liwe moja. Lebo ni ndogo."

"Punguza picha ya alizeti," akasema Mwantumu.

"Alizeti ndiyo inayouza. Au basi tuandike 'Timu ya Msengi', yaishe."

Mwantumu akapiga meza. "Timu haina mama nyumbani wa kuoneshwa jina kwenye chupa! Ukiandika hivyo umejiandika wewe."

"Haya, chagueni wenyewe. Mchapaji anapiga simu saa nane. Asipopata jina lenu, namtajia langu." Akatoka kwenda kula.

Mnamwona? Ugomvi ameuanzisha yeye, kisha akaenda kuagiza wali. Ndiyo maana nimewaambia sijapoa.

Yustina akakunja mkono wa shati, kovu likaonekana. "Dada Mwantumu, mdundo wako ulichezwa hata na wanaopikia mafuta ya watu wengine. Bila video yangu ungebaki muziki tu."

"Na bila mdundo wangu, video yako angeitazama nani? Shangazi yako?"

"Wanangu," Mzee Elieza akasema, "nyie mliwaleta watu hadi mlangoni. Waliotaka kugeuka waondoke walirudishwa na mimi. Nina miaka ishirini na sita kwenye geti hili. Mwakani nastaafu, na jina langu halijaandikwa popote zaidi ya kitabu cha mahudhurio."

"Mimi nimeibiwa jina, Mzee! Miaka minane! Safari hii siibiwi."

"Aliyekuibia si mimi," Yustina akajibu taratibu. "Mbona unataka nilipe mimi?"

Hasira ya Mwantumu ilikuwa ya haki, na maneno ya Yustina yalikuwa ya haki vilevile, na hilo likamzidishia hasira. Hakujua amkasirikie nani, maana waliostahili kukasirikiwa hawakuwemo chumbani.

Saa nane simu ya ofisini ikaita. Mzee Elieza hakunyoosha mkono, wala Yustina. Mwantumu akaipokea.

"Nipe jina, mama, mashine imeshawaka," akasema mchapaji. "Nitajie herufi kwa herufi."

Mimi naishia hapo, na msinitumbulie macho. Msiniambie waandikwe wote. Lebo mmeshasikia ilivyo. Msiniambie wagome; wakigoma, chupa inabeba jina la Msengi, aliyekwenda kula. Mwenye sikio aliwasimamisha watu, mwenye jicho akawaaminisha, mwenye subira akawarudisha, na angekosekana mmoja tu, geti lingefungwa. Mmoja aliporwa jina lake, mmoja ameungua, mmoja hajawahi kuandikwa.

Mchapaji yuko hewani, anasubiri. Haya, wewe uliyekaa hapo: simu ingekuwa mkononi mwako, ungemtajia jina la nani? Na ukishaikata, wale wawili waliosimama mbele yako ungewatazamaje?