Injini Iliyosaga Dona

Hapo zamani, pale Korogwe, kabla umeme haujatufikia, Mzee Shekalaghe alikuwa na gari la Kimarekani, pua ndefu, milango miwili, likinguruma mpaka vikombe vinagongana kabatini. Alilitoa siku za Idi tu, na kila akilitoa aliapa: "Wallahi, injini ni ile ile liliyozaliwa nayo!"

Na kila akiapa, mkewe Bi Mwanakheri aliinamisha uso, akazidisha kuvuta uradi.

Alikuwa na lake. Mwaka wa njaa mumewe alikuwa Mtwara kwa binti yao Tunu. Mahindi ya msaada yakaja, mashine ya kusaga ya kina mama ikagoma. Injini yake ilikuwa ya gari la aina ile ile, imechoka hoi. Bi Mwanakheri akamwita Fundi Mbelwa.

"Zibadilishe."

"Na mzee je, mama?"

"Mzee yuko Mtwara. Njaa iko hapa."

Basi injini ya gari ikaenda kusaga, ya kusaga ikaingia garini. Idi ilipofika, mzee akarudi, akawasha gari. Jirani yake Sheiza, kahawa mkononi, akaangua kicheko.

"Shekalaghe! Gari lako leo linasaga dona! Hiyo si injini yako."

Mzee akamnunia. Salamu zikakatika.

Miaka ikapita, mzee akajaliwa safari ya Hija. Akazunguka mtaani kuomba radhi, kama ilivyo ada, hadi kwa Sheiza.

"Nimekusamehe, ndugu yangu," akasema Sheiza. "Lakini kiapo chako kile, unakwenda nacho Makka?"

Mzee akaingiwa na hofu. Siku ya kuagwa akatangaza mbele ya watu: "Atakayenionyesha injini ya asili ya gari hili, gari ni lake. Na nalitoa leo, nisiache ahadi nyuma."

Fundi Mbelwa akaja mbio na mafuta ya taa na chaki. Akafuta grisi, akapaka chaki, namba ya injini ikatokeza. Akailinganisha na ya chesisi, fremu ya gari, maana magari ya aina ile hutoka kiwandani na namba moja kote kuwili.

"Lo! Hazilingani! Injini si yake!" Alivyoshangaa, ungedhani hajawahi kuiona.

"Mbelwa," akasema Bi Mwanakheri, "hebu nitazame machoni."

Mbelwa akatazama spana.

Bi Mwanakheri angeweza kunyamaza. Lakini mumewe aende mbele ya Kaaba na kiapo cha uongo kwa sababu yake? "Baba Tunu," akasema, "ni mimi niliyemtuma Mbelwa azibadilishe. Mungu anisamehe. Twende." Akawaongoza hadi kwenye mashine ya kusaga. Wakapangusa unga, wakapaka chaki. Namba sawasawa!

Mzee akajikalia juu ya gunia la pumba.

"Gari langu!" akasema Sheiza. "Nilisema mapema, ukaninunia."

"Ulisema, nani alikuamini?" akasema Mbelwa. "Chaki yangu ndiyo iliyothibitisha."

"Si wewe uliyeitoa!" akasema Sheiza.

"Ndiyo, na nikairudisha kwenye ukweli."

"Nyote mlionyesha mahali ambapo haipo," akasema Bi Mwanakheri. "Ilipo kaonyesha nani?"

"Jamani! Mwizi anadai zawadi!" akamaka Sheiza.

"Sheiza, ugali wa njaa ile uliokula, ulisagwa na nini?"

Basi la mahujaji likapiga honi. Mzee akasimama, pumba makalioni, ufunguo mkononi, akiwatazama mmoja mmoja, na dereva hangoji.

Haya, nyie mnaosikiliza, msinitazame mimi. Je, ufunguo ule alistahili nani?