Ukuta wa Hondohondo

Paukwa!

Pakawa!

Tulieni basi, nanyi wazazi mlioko nyuma. Hii si ya kucheka.

Zamani, zamani za kale, Hondohondo alioa. Mila ya hondohondo ni hii: mke akikaribia kutaga, huingia ndani ya tundu la mti, na mume huziba mlango kwa udongo. Huacha upenyo mwembamba tu, wa kupitishia chakula. Mke hatoki mpaka makinda wakue.

Mume akaziba. Lakini alikuwa na haraka. Akachota udongo wa kichanga, akaubandika, kwa siku moja akamaliza. Jua likawaka, likawaka. Udongo ukapasuka, kwa! Nyoka akapita. Mama aliponea chupuchupu. Makinda watatu hawakupona.

Ndege wote wakasema huyo si mume. Hondohondo akalia, nawaambieni, akalia siku saba hali kitu.

Siku ya nane akaenda kwa Nyigu, maana Nyigu hujenga nyumba ya udongo na mvua haiiwezi. Akamwomba amfundishe. Nyigu akamwambia atafune udongo wa kichuguu kwa mate yake, abandike kidogo, angoje ukauke, ndipo abandike tena.

Akajaribu kwenye gogo. Ukuta ukaanguka, pu! Akatafuna tena. Pu! Mdomo ukachubuka. Akatafuna tena, kiangazi kizima, mpaka ukashika.

Msimu wa kutaga ukafika. Mke akatua mlangoni pa tundu, asiingie.

"Mume wangu," akasema, "wanangu bado nawaona humu."

"Na mimi nawaona," akajibu Hondohondo. "Ukikataa, sitakulaumu."

Mke akaruka hadi kwenye gogo, akaugonga ule ukuta kwa mdomo, ngo, ngo, ngo. Haukutikisika. Akarudi, akaingia.

Mume akaziba siku tisa. Majuma yakapita, nyoka naye akaja, kwani aliyeonja hurudi. Akakwaruza, kwaru, kwaru, toka asubuhi hadi jua la utosi. Ukuta ukamkatalia. Akateremka, akaenda zake.

Hondohondo akasogea penye upenyo. Akamwita mkewe. Akaita tena. Ukatokeza mdomo mdogo, umeachama. Ukatokeza wa pili.

"Lete chakula," akasema mama yao. "Watoto wana njaa."

Wanangu, kuanguka si mwisho. Aliyeanguka ajifunze alipokosea, arudi, ajenge tena.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye ukuta uliosimama.