Siafu Waliomwinua Sultani Mwadini

Hapo zamani, katika mji wa Shangweni, alikuwapo mchukuzi wa maji aitwaye Ngwali, ambaye mali yake yote ilikuwa punda mmoja. Na mji ule ulitawaliwa na Sultani Mwadini, mtu asiye mkali wala mchoyo, ila alikuwa na ugonjwa wa kujitungia sifa. Kila Ijumaa baada ya sala watu waliitwa barazani, wakaketi mikekani, na karani wake, Vuai, akawasomea sifa hizo. Na ilikuwa ada ya Shangweni kwamba hakuna ruhusa ya kuinuka kabla Sultani hajainuka. Basi watu wakikaa mpaka miguu ikafa ganzi, na Sultani akizidi kuongeza: Ijumaa hii yeye ni simba angurumaye, ijayo ni simba angurumaye aliyevikwa taji la mwezi, na ya baadaye ule mwezi nao ukapata sifa zake.

Ikawa siku moja, karani alipofika kwenye mwezi, Ngwali akashikwa na usingizi. Kama angelala kimya lisingekuwa neno, lakini alikoroma, tena alikuwa safu ya mbele.

Sultani akaamuru aamshwe, akamwuliza kama sifa zile hazikumpendeza. Ngwali, macho hayajafunguka sawasawa, akajibu kwamba zimempendeza sana, ndiyo maana amelala vizuri. Watu wakainamisha vichwa wasionekane midomo.

"Vema," akasema Sultani. "Ijumaa ijayo utaleta maandishi yako wewe. Karani atayasoma. Yakiwainua wote walioketi hapa, wakasimama kwa miguu yao pasi na kupigwa wala kuvutwa, nenda zako salama. Yasipowainua, punda wako ni wangu. Sifa zangu zimekuwa nzito, Vuai hawezi tena kuzibeba peke yake."

Mawaziri wakacheka sana, maana ni nani angethubutu kuinuka kabla ya Sultani? Na Sultani mwenyewe akatangaza kwamba haondoki kwenye zulia lake kwa maneno ya mchukuzi.

Ngwali akarudi nyumbani amenyong'onyea. Bila punda hakuna maji ya kuuza, na bila maji ya kuuza hakuna chakula. Akaazima ubao wa chuoni, akakoroga wino wa masizi, akaandika kama alivyozoea kusikia: lulu, marijani, tai, ngurumo, bahari saba. Alipoujaza ubao akamsomea mkewe, Mwanakheri, aliyekuwa ameketi kibarazani akimenya muhogo.

Akasoma lulu, Mwanakheri akamenya. Akasoma ngurumo; akamenya. Alipofika bahari ya tano, Mwanakheri akaruka, kisu huku, muhogo kule, akawa anapiga miguu chini na kukung'uta kanga.

Ngwali akafurahi kupita kiasi. "Imekuingia, mke wangu?"

"Ameniingia siafu, wewe! Ondoa bahari zako unisaidie."

Ngwali akamsaidia, kisha akasimama akiutazama mguu wa mkewe kwa kitambo, hata Mwanakheri akamwuliza kama hajapata kuona mguu. Ngwali akauchukua ule ubao, akaumwagia maji, na zile bahari saba zikateremka zote mtaroni. Akaandika upya, maneno machache tu.

Ijumaa ikafika. Sultani akaketi juu ya zulia, amejikaza kama gogo, na watu wakaketi kwa huzuni, kwa kuwa walimpenda yule punda. Karani Vuai akautazama ubao, akaugeuza upande wa pili, akauliza kama ndiyo yote. Akaambiwa ndiyo yote. Basi akasoma:

"Bwana wetu Mwadini, siafu wamo chini ya zulia lako. Wa kwanza amekwisha kuingia ndani ya kanzu. Yuko gotini. Anapanda."

Sultani akawa juu kabla karani hajafunga mdomo. Akaikusanya kanzu kwa mikono miwili, akarukaruka kwa mguu mmoja, na ada ikiwa imekwisha kutimia, baraza zima likasimama. Mawaziri wakakung'utana migongo. Kadhi akapanda juu ya kiti. Na Vuai, aliyeyasoma mwenyewe, akautupa ubao akajikuna mpaka kilemba kikamtoka.

Zulia likafunuliwa. Hapakuwa na siafu hata mmoja.

"Wako wapi?" akauliza Sultani, pumzi zikimpaa.

"Wako kwenye ubao, Bwana wangu," akasema Ngwali.

"Umenidanganya mbele ya watu wangu."

"Bwana wangu, Ijumaa iliyopita karani alisoma kwamba mbele yetu ameketi simba, tena ananguruma. Hakuna aliyekimbia. Mimi nilikuwa karibu naye kabisa, nikalala."

Sultani akamkazia macho mchukuzi, na huku anamkazia macho, mkono wake ukateremka wenyewe kulikuna goti. Alipojiona anajikuna akaanza kucheka, akacheka hata akamshika Vuai bega asianguke.

Akamwambia Ngwali amchukue punda wake, na kanzu mpya juu yake. Kisha akaagiza sifa zake zote ziletwe, akaketi na karani kuzipunguza. Akamtoa simba, akautoa mwezi, hata alasiri ikaingia, na kilichobaki Vuai akakisoma kwa kusitasita:

"Mwadini alichimba kisima cha sokoni. Maji yake hayana chumvi."

"Kweli," akasema bibi mmoja safu ya nyuma. "Leo asubuhi nimeyapikia chai."

Sultani hakuwa amepata kujibiwa tangu aanze kujisifu. Akamwomba karani asome tena, taratibu, na safari hii watu ndio waliokaa bila kulazimishwa, na yeye akasimama.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa Shangweni. Anayeona ni ndefu, apunguze.