Gurudumu Moja, Milango Mitatu

Hapo zamani, ambazo si za mbali kwa mwenye kutunza kumbukumbu, siku ya Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 1974, Selestini Mkude Lubasi wa Morogoro aliamka akijua kwamba ikifika jioni atakuwa amestaafu mashindano ya baisikeli. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Magoti yalikuwa yamekwisha kumwambia ukweli tangu Pasaka. Yeye ndiye aliyechelewa kuyasikiliza.

Alianza kushindana tarehe 3 Machi 1962, katika njia ya udongo mwekundu iliyouzunguka uwanja wa mpira, na siku hiyo alikuwa wa mwisho. Baisikeli za mchezo ule hazikuwa na breki, wala mguu haukupata kupumzika: gurudumu likizunguka, pedali nazo huzunguka, utake usitake.

Chama chao kilikuwa na desturi moja. Mwendeshaji anayestaafu hufungua gurudumu la mbele mara baada ya shindano lake la mwisho, akampa mtu mmoja, na mmoja tu, aliyembeba miaka yake yote. Mtu huyo hulitundika juu ya mlango wa nyumba yake. Mpita njia akiuliza, huambiwa: hapa ndipo fulani alipobebwa. Lisipotolewa kabla ya uwanja kufungwa, huingia stoo ya chama, na huko kutu haiulizi jina la mtu.

Selestini alikuwa amebebwa na watu watatu.

Wa kwanza ni Pelagia, dada yake mkubwa. Kila alfajiri ya mazoezi aliketi kando ya njia na punje za mahindi, akihamisha moja kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto kila nduguye alipopita. Hakupata kukosea. Wiki aliyofiwa na mumewe, mwezi Mei 1969, alikuja na punje zake vilevile, na Selestini akazunguka polepole, akitazama mbele tu, ili dada yake apate kulia bila kutazamwa.

Wa pili ni Fundi Mbaraka Chanzi. Mwezi Juni 1966, spoku nzuri zilipokosekana madukani, aling'oa zile za baisikeli yake mwenyewe, akaunda nazo gurudumu la mbele la Selestini. Tangu siku hiyo alikwenda kazini kwa miguu, na alipoulizwa alisema kwamba daktari amemshauri atembee. Daktari huyo hakuna aliyepata kumwona.

Wa tatu ni Kasanda Mihayo, mtani wake kutoka Tabora, ambaye kwa miaka tisa alikuwa wa pili nyuma yake. Alizoea kumwambia kwamba ameutazama mgongo wake mpaka anaujua kuliko uso wake, na kwamba, kusema kweli, mgongo ndio mzuri. Lakini mazoezini alitangulia yeye, akaupasua upepo, ili Selestini apate ahueni nyuma yake.

Basi siku hiyo shindano lilikuwa la mizunguko kumi na miwili, na mzunguko wa mwisho hutangazwa kwa kengele. Mpiga kengele alichanganyikiwa. Mwendeshaji mmoja aliyekuwa ameachwa mzunguko mzima alipita mbele yake, naye akamhesabu pamoja na viongozi. Akapiga kengele mapema, mizunguko miwili ikiwa bado.

Selestini alimaliza nguvu zake katika mzunguko mmoja. Alivuka mstari akiwa wa kwanza, akainua mkono kuaga watu, akailegeza miguu. Uwanja mzima ulikuwa ukiimba. Ni Pelagia peke yake, aliyeanza na punje kumi na mbili, aliyekuwa na punje iliyobaki katika mkono wa kulia. Alipiga kelele, sauti ikamezwa na ngoma. Akainua punje juu.

Kasanda, hatua chache nyuma, aliuona mkono ule. Aliujua. Njia ilikuwa wazi mbele yake. Angepita kimya, na kwa mara ya kwanza maishani angekuwa bingwa. Akasogea ubavuni mwa Selestini.

"Mtani, dada yako ana punje moja. Kanyaga."

Wakakanyaga. Katika kona ya mwisho gurudumu la mbele la Selestini lilipiga jiwe. Spoku mbili zikakatika, usukani ukatetemeka mikononi mwake. Gurudumu lingine lingepinda. Hili lilishika. Selestini alishinda kwa upana wa kiganja.

Fundi Mbaraka, aliyekwisha kusikia maneno ya Kasanda njiani, alifika na spana, akamfungulia gurudumu, akamkabidhi. Lakini mkono wake hakuuondoa.

"Mwanangu," alisema, "uliambiwa ukanyage. Ulikanyaga juu ya nini? Maneno hayana tairi. Miaka minane nimetembea ili hili lizunguke. Acha sasa lipumzike kwangu."

Kasanda naye akaweka mkono. "Kwa utani ningelinyakua nikaenda zangu, na hakuna wa kunishtaki. Leo sinyakui, leo naomba. Mlango wangu hauna hata kikombe cha bati, na aliyenizibia ni wewe. Nilipopata nafasi sikuitaka, maana nikimshinda mtu aliyelala, nimemshinda nani?"

Selestini alicheka, kisha akaona kwamba mtani wake hacheki.

Pelagia alikuja wa mwisho, akaweka mkono wake, punje ikiwa bado kiganjani. "Mdogo wangu, Kasanda alisoma kilichokuwa mkononi mwangu. Na Fundi alikuja miaka minne baadaye, ulipokwisha kuonekana mtu. Mimi nilikuhesabu ulipokuwa wa mwisho, wala hapakuwa na mwingine aliyetaka kujua umezunguka mara ngapi."

Selestini aliitazama mikono ile mitatu: mmoja mweusi kwa grisi, mmoja wenye vumbi jekundu, mmoja umeshika punje. Kila mmoja aliupenda. Alijua kwamba popote gurudumu litakapotundikwa, yeye atapita chini ya milango miwili mitupu maisha yake yote. Mlinzi wa uwanja alikuwa amekwisha kushika funguo.

Wako wanaosimulia kwamba hapo Pelagia aliondoa mkono wake, akasema ndugu hadai kwa ndugu, na kwa hiyo Selestini akapata wepesi. Wasimulizi hao wanakosea, na kosa lao linamdhulumu mwanamke aliyehesabu miaka kumi na miwili bila kukosea. Pelagia hakuondoa mkono. Alidai kama walivyodai wenziwe, na mikono ilikuwa mitatu mpaka ufunguo ulipoanza kuzunguka katika kufuli. Basi isahihisheni hadithi kwanza, ndipo mjibu: je, gurudumu lile lilistahili mlango wa nani?